Watu sita ni gari zima: uchambuzi wa jioni moja ya jangwani Dubai

Familia ya watu sita kutoka Dar es Salaam imefikia Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, kwa siku saba, katikati ya Desemba. Siku nne za mwanzo zimeliwa na mzigo: masoko ya Naif na Dragon Mart, ofisi za kusafirisha. Siku ya tano wanataka kupumzika, na kila aliyewahi kufika Dubai amewaambia wasirudi bila kwenda jangwani. Baba ana miaka 41, mkewe 36 na ana ujauzito wa miezi mitano. Yupo mama mzazi wa baba, miaka 63, mgongo wake wa chini unamsumbua siku nyingi. Yupo mdogo wa mke, kijana wa miaka 24. Watoto ni wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 4.

Watatu kati ya hawa wangepanda matuta ya mchanga na kushuka wakicheka. Watatu hawakupaswa kufika kwenye matuta kabisa. Hesabu hiyo haikufanywa na muuzaji wala na mnunuzi, mpaka saa 10 jioni gari likiwa limeshapunguzwa upepo wa matairi pembezoni mwa mchanga.

Kundi hili tumeliunda kwa mambo yanayojirudia kila msimu. Si familia ya mtu fulani. Bei nazo ni za mfano, za kiwango cha vifurushi vya kawaida vya jioni, visivyo vya anasa.

Kilichonunuliwa

Muuzaji alikuwa kijana anayesema Kiswahili, aliyepatikana chini ya hoteli. Wapo wengi Deira, na wengi wao ni waaminifu. Kazi yao ni kuunganisha mteja na kampuni yenye magari, wakabaki na kamisheni. Mazungumzo yote yalikuwa hivi:

"Dada yangu, hiyo 130 kila kitu ndani. Kuchukuliwa, matuta, ngamia, hina, chakula, ngoma."

"Haya mdogo wangu, tuandikie sita."

Vocha ikaja WhatsApp: jina, idadi ya watu, saa ya kuchukuliwa, namba ya dereva. Basi.

"Kila kitu ndani" ndipo kisa kilipoanzia. Jioni ya jangwani ni huduma nne zilizofungwa kwenye kanga moja. Kuna usafiri wa kwenda na kurudi. Kuna kuruka matuta kwa gari, dakika 20 mpaka 45 kutegemea kampuni. Kuna kambi, yaani chakula, ngoma, ngamia na hina. Na kuna biashara ya pembeni, ambayo haimo kwenye vocha ila imo kwenye ratiba: pikipiki za magurudumu manne, picha na mwewe, vilemba, picha za kuchapishwa. Kila moja ina mtu inayemfaa na mtu isiyemfaa. Bibi wa miaka 63 anaifaidi kambi kuliko mtu yeyote, ila matuta yanamuumiza. Anayenunua fungu bila kulifungua analipa zote nne kwa wote sita, halafu anaanza kupunguza akiwa jangwani, mahali pabaya kuliko pote pa kupunguzia.

Jioni hii huuzwa kwa jina la "desert safari", na neno hilo safari, tukisema kwa kupita, limezunguka sana. Safar ya Kiarabu ikawa safari ya Kiswahili, Waingereza wakaichukua kwetu, na leo mabango ya Dubai yanamuuzia Mswahili neno lake mwenyewe kwa dirhamu.

Turudi kwenye hesabu. 130 mara 6 ni dirhamu 780. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola 1, kwa hiyo hiyo ni kama dola 212. Gari linalofanya kazi hii mara nyingi ni Land Cruiser: abiria 1 mbele pamoja na dereva, 3 katikati, 2 nyuma. Abiria sita. Familia hii ilinunua gari zima kwa bei ya viti na haikujua. Mteja wa viti viwili hupangwa na wageni, hufuata ratiba ya wote, hana sauti. Aliyejaza gari ana haki ya kusema nani ashushwe wapi na nani akae kiti gani, mradi aseme mapema.

Mapema ina sababu yake. Magari ya matuta huingia mchangani kwa msafara, kwa kuwa gari likizama linahitaji jingine la kulivuta. Dereva hawezi kuacha msafara katikati ili ampeleke mama kambini. Ila akijua tangu jana yake, anapitia kambini kwanza, anashusha, kisha anawakuta wenzake wanapopunguza upepo. Kwa muuzaji huo ni ujumbe mmoja wa simu.

Tumbo na kiti

Saa 7:30 mchana familia ilikula biriani. Saa 8:45 gari lilifika, au tuseme lilifika upande wa pili wa jengo: vichochoro vya Deira haviruhusu gari kusimama, na vocha haikutaja mahali pa kukutania. Dakika 20 zikapotea kwa simu za "uko wapi, mimi niko hapa." Njia ya kwenda Lahbab, jangwa lenye matuta, hufuata barabara ya Hatta, kama kilomita 50 kutoka mjini, takriban saa nzima ukiunganisha na foleni ya kutoka Deira.

Viti vilipangwa kwa adabu ya nyumbani. Kijana, kwa kuwa ana miguu mirefu, mbele. Wakubwa watatu katikati. Watoto nyuma kabisa, maana watoto siku zote hukaa nyuma.

Ni mpangilio mbaya kuliko wote. Viti vya safu ya tatu viko juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, na gari likipinda juu ya tuta sehemu hiyo ndiyo inayorushwa zaidi. Mtoto mdogo pale haoni mbele. Sikio la ndani linamwambia anapanda, anashuka, anapinduka. Macho yanamwonyesha mgongo wa kiti ambao hausogei. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Anayeona upeo wa mbele haumwi haraka, ndiyo maana dereva hatapiki hata siku moja. Kiti cha mbele apewe mtu mzima mwenye tumbo jepesi, katikati wakae wanaofuata kwa udhaifu, nyuma akae kijana mwenye nguvu zake.

Chakula kizito kiliwe muda wa saa tatu kabla au kisiliwe. Mkate mkavu, ndizi, chapati kavu nusu: hivyo vinatosha hadi jioni, na kambini kuna chakula tele. Tumbo tupu kabisa nalo halisaidii. Wenye njaa huumwa vilevile. Dawa za kichefuchefu cha gari zipo famasi yoyote ya Deira, nyingi humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuanza, na husinzisha. Anayemeza gari likiwa limeshaanza kuruka ametupa pesa. Mjamzito asimeze bila kumuuliza daktari, na kwa mtoto mwulize mfamasia kipimo.

Saa 10 jioni, pembeni ya mchanga

Hapa pana dakika kumi ambazo wageni wengi huzitumia kupiga picha, na ndizo za maana kuliko zote.

Dereva anashuka, anachuchumaa kwenye gurudumu la kwanza, anafungua kifuniko cha valvu na kuanza kutoa upepo. Tairi la barabarani lina upepo 35 hivi. Anashusha hadi 15, wengine 12, wengine 18, kutegemea uzito wa gari na ulaini wa mchanga siku hiyo. Sauti ya hewa inatoka kama nyoka, chini ya tairi panatanuka na kulegea. Tairi lililojaa hukaa juu ya mchanga kama kisigino cha kiatu kirefu: uzito wote mahali padogo, linachimba na kuzama. Lililolegezwa hulala, alama yake inarefuka, uzito unagawanyika, gari linaelea. Likishuka chini ya 10 hatari inageuka: kwenye kona kali tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na jioni ya wote inaishia hapo. Kabla ya kurudi lami, upepo unarudishwa kwa kompresa. Dereva anayekimbia barabara kuu usiku na matairi laini ili awahi kumaliza ni wa kukemewa waziwazi. Tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka.

Dakika hizo ndizo za kubadilishana viti, kufunga mikanda na kuiangalia kama inajifunga kweli, kuingiza simu mfukoni, kutoa miwani, na kutazama juu: gari linaloaminika lina fremu ya mabomba ya chuma ndani, inayozuia paa lisibonyee likipinduka. Lisilo na fremu, usipande.

Katika kisa hiki, dakika hizo ndipo dereva alipouliza kama kuna mjamzito. Mke akainua mkono. Dereva akasema hapana, huyu haendi, na mama mzee mwenye mgongo naye akashauriwa abaki.

Familia ilikasirika, na hapa hatuko upande wa familia. Gari linapotua baada ya kuvuka mgongo wa tuta, pigo linapita kwenye kiti kwenda kwenye uti wa mgongo na nyonga, na mkanda unakaza juu ya tumbo. Hakuna namna ya kuendesha "polepole kwa ajili yake": mchangani mwendo ndio unaozuia gari lisizame. Dereva yule, mtu wa chini kabisa katika mnyororo wa biashara hii, ndiye pekee aliyeuliza swali ambalo muuzaji alipaswa kuliuliza jana yake.

Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na mahali pa kuwapeleka. Wanawake wawili waliachwa kwenye kituo cha mapumziko chenye kibanda cha pikipiki, viti vya plastiki na jenereta, kwa dakika 50, mpaka basi dogo la kampuni linalokwenda kambini lilipopita. Mvulana wa miaka 4 alilia kumfuata dada yake, na baba akamruhusu. Umri wa chini wa kupanda matuta hutofautiana kampuni kwa kampuni. Huu wa miaka 4 uko mpakani kabisa, na mkanda wa mtu mzima unampita shingoni badala ya begani. Tungembakiza.

Tuta lenyewe

Upande upepo unakotokea, tuta lina mteremko mpole na mchanga ulioshikana. Upande wa pili mchanga humwagika hadi kufikia pembe unayoweza kusimama, kama nyuzi 30 hadi 34, na ni laini kama unga. Rangi nyekundu ya Lahbab ni ya kutu ya chuma iliyozipaka chembe. Dereva hupanda upande mpole kwa kasi iliyopimwa: ikipungua anazama kabla ya kileleni, ikizidi anaruka bila kujua ng'ambo kuna nini. Akisimama kileleni, tumbo la gari linakaa juu ya mgongo wa tuta na magurudumu yanaelea. Hapo ni koleo na kamba. Kwa hiyo abiria huona mbingu tupu kwenye kioo, sekunde moja ya kimya, kisha pua ya gari inalala na kioo kinajaa mchanga.

Mvulana alitapika dakika ya 12. Hakukuwa na mfuko. Msafara ukasimama, gari likafutwa kwa chupa ya maji na fulana, na ziara iliyopaswa kuwa nusu saa ikaishia dakika 15 za kuruka. Binti na kijana walikosa nusu ya walichokijia. Mifuko miwili ya plastiki kwa kila mtoto na kitambaa chenye unyevu, vikiwa mkononi na si kwenye buti: gharama yake ni sifuri.

Mchanga uliponyooka, gari lilisimama kwa picha za machweo. Desemba jua la Dubai huzama kama saa 11:30 jioni, mapema kuliko wageni wengi wanavyodhani, na mwanga mzuri ni wa dakika 20 za mwisho. Alasiri inaingia kidogo baada ya saa 9, kwa hiyo mahali pake ni kituo cha mapumziko, ambacho kwa kawaida kina msala na maji. Magharibi inasubiri kambini. Anayetaka kuswali kwa wakati amwambie dereva kabla ya picha, maana baada ya picha kila mtu ana haraka.

Pikipiki na madai ya bampa

Wakati wa kusubiri kituoni, kijana alikodi pikipiki ya magurudumu manne, dirhamu 200 kwa nusu saa. Aliporudi, mwenye nazo akaonyesha plastiki ya mbele yenye ufa na kudai 600. Kijana hakujua kama ufa ulikuwepo. Alikuwa ametia saini karatasi asiyoisoma. Baada ya maneno mengi walikubaliana 250.

Dawa ya hili ni sekunde 40. Kabla ya kukaa, washa video, zunguka pikipiki yote, sogeza simu karibu na kila plastiki, taa, kioo na rimu, na mwonyeshe mwenye nayo kwamba unarekodi. Sema kwa sauti palipokwaruzwa. Aliye na nia mbaya hukosa nguvu hapo hapo. Pasipoti usiiache dhamana kwa namna yoyote. Wakitaka dhamana, iwe fedha taslimu na risiti. Mzozo ukikwama ndani ya Dubai, polisi wana namba 901 kwa mambo yasiyo ya dharura na 999 kwa dharura. Eneo la Al Badayer, lenye tuta kubwa linaloitwa Big Red, liko Sharjah, imarati nyingine inayokataza pombe, na ndiyo maana kambi za huko hazina pombe kabisa.

Upande wa usalama: gesi ya pikipiki hizi ni kijiti cha kusukuma kwa dole gumba la kulia, na mgeni akishtuka hukaza mkono na kuibana zaidi. Mafunzo yaanze mahali tambarare. Kofia ngumu ni lazima. Usivuke kileleni bila kupunguza mwendo, maana huoni anayepanda kutoka ng'ambo. Kijiti chenye bendera nyuma ya pikipiki kimewekwa kwa ajili hiyo, na kama hakipo idai. Dada mwenye buibui au mtandio unaopepea asipande hivyo hivyo: kitambaa kikiingia kwenye gurudumu kinamvuta mtu. Suruali, na mtandio ufungwe ndani ya shati. Bima nyingi za safari hazilipi ajali za vyombo hivi. Soma kabla ya kuondoka nyumbani.

Kambini

Kambi ni uwanja wa mraba uliozungushiwa mahema, katikati jukwaa, pembeni mazulia, mito na meza fupi. Wanawake wawili waliofika kwa basi walikaribishwa kwa tende na kahawa, na hapo jioni yao ikaanza. Mama mzee alionja akasema hii ni kahawa chungu iliyotiwa iliki nyingi, na hakukosea sana: kahawa ya Ghuba hukaangwa kidogo, rangi yake njano, haina sukari, na kikombe hujazwa robo tu. Ukitosheka, kitikise kidogo unapokirudisha. Usipotikisa wataendelea kukumiminia.

Kwa mtu asiyeweza kukaa chini, kambi nyingi zina viti, lakini vichache, na hutolewa kwa aliyeomba kwanza. Mama mwenye mgongo alikaa chini nusu saa ndipo mtu akakumbuka kuuliza.

Ngamia ni mzunguko wa dakika chache tu, ukishikwa kamba. Anainuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo aliyepanda anatupwa mbele. Anapiga magoti ya mbele kwanza akishuka, na anatupwa mbele tena. Mara zote mbili lala nyuma na ushike kwa mikono miwili. Wanaoanguka ni wale walioachia mkono mmoja ili wapige picha.

Hina yataka jicho la mtu wa pwani. Binti wa miaka 11 alichorwa mkononi rangi nyeusi ti. Hina ya majani haitoi weusi: ni ya machungwa siku ya kwanza na kahawia iliyoiva siku ya pili. Nyeusi papo hapo ni piko, rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na kwenye ngozi ya mtoto inaweza kuleta malengelenge na kumwachia mzio wa maisha. Mama yake anajua tofauti hiyo vizuri kabisa, ila kwa kuwa waliambiwa "hina ni bure" hakutazama koni. Rangi ya namna hiyo ioshwe papo hapo kwa sabuni.

Picha na mwewe mkononi ilikuwa dirhamu 40, vilemba viwili kituoni 80, picha za kuchapishwa 100. Mpiga picha hupiga wote wanapoingia, kisha huleta picha zikiwa kwenye fremu wakati wa chakula, mtoto akiwa ameshaziona. Kumkatalia mlangoni ni rahisi kuliko mezani.

Chakula ni bufee, na foleni yake hupangwa mara nyingi wanawake upande wao na wanaume wao, au familia kando. Nyama huchomwa saa ya kwanza. Anayesubiri foleni iishe hukuta mishikaki imekauka kwenye sinia. Kuna wali wa biriani, kuku wa kuchoma, mishikaki ya kuku iitwayo shish tawuk, kofta, hummus, tabule, mkate. Fuata vinavyotoka motoni mbele ya macho yako. Kuku mpasue karibu na mfupa, akiwa na wekundu mrudishe. Saladi na vitu vya maziwa vilivyokaa wazi tangu jua la alasiri, mwachie mwingine. Mwishoni mwa meza utakutana na bakuli la luqaimat, na hapo Mswahili anatabasamu, maana hizo ni kaimati zetu zilizo nyumbani kwao. Tofauti ni shira: huku wanamwagia asali ya tende na ufuta, kwetu sukari na iliki.

Ngoma ni tatu: mcheza moto, tanura, yaani mwanamume anayezunguka na sketi yenye taa, na mcheza kiuno. Hii ya tatu imewakuta akina mama mkwe wengi bila taarifa. Zipo kambi zisizokuwa nayo, na Ramadhani kwa kawaida husimama. Swali moja kwa muuzaji linaepusha watu wazima kutazama sahani zao kwa robo saa.

Hesabu ya mwisho na jinsi ingepangwa

Kifurushi 780, pikipiki 200, ufa 250, vilemba 80, mwewe 40, picha 100. Jumla 1,450, kama dola 395. Karibu mara mbili ya "kila kitu ndani", na wanawake wawili walikula dakika 50 za moshi wa jenereta.

Jibu si lazima liwe kifurushi cha bei kubwa. Kinachoongezeka kwa fedha zaidi ni utulivu wa kambi, gari lisilochanganya watu, na wakati mwingine mahali: Hifadhi ya Jangwa ya Dubai, kilomita za mraba 225 hivi, karibu asilimia 5 ya ardhi ya Dubai, huingiwa na kampuni chache zenye kibali, na huko mtu huenda zaidi kumwona choroa wa Kiarabu (oryx) kuliko kurushwa. Mnyama huyo alitoweka porini mwaka 1972 na kurudishwa kutoka kwa waliofugwa. Kwa mama mzee na mjamzito ingekuwa chaguo bora. Kwa kijana wa miaka 24, adhabu.

Kwa bajeti ileile, ujumbe ungekuwa huu, jana yake:

"Assalaam alaykum mdogo wangu. Tuko 6, tunajaza gari, tusichanganywe na watu wengine. Watatu hawapandi matuta: mama mzee, mjamzito, na mtoto wa miaka 4. Hao washushwe kambini kwanza, gari liendelee na watatu. Naomba uniandikie hapa: jina la kambi, dakika za matuta, kama njia ya kufika kambini haina kurukaruka, kama kuna viti na vyoo vya kukaa, kama kampuni ina leseni ya Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai, gari litasimama wapi Deira, na pesa inarudi tukiahirisha saa 24 kabla."

Muuzaji akijibu yote, nunua. Akijibu "usijali dada, kila kitu sawa", nenda kwa mwingine. Hata wakiongezewa 150 kwa ajili ya kupitia kambini, na kijana akalipa pikipiki yake 200 akiwa na video, jumla ni 1,130.

Siku yenyewe: chakula chepesi saa 6. Dawa saa 8 kwa wanaoihitaji. Gari saa 8:45 mahali palipotajwa, kwa alama, si "mlangoni". Alasiri kituoni. Kambi ya watatu saa 10, chini ya kivuli, mama mzee akiwa ameshapata kiti. Matuta kwa watatu waliobaki, baba mbele, binti katikati, kijana nyuma. Machweo saa 11:30, kambini kabla ya 12, Magharibi, kisha ngamia kabla giza halijashika. Chakula mara nyama inapoanza kutoka. Usiku wa jangwani Desemba hushuka mpaka nyuzi 15 au chini yake, na gari linaondoka kama saa 2:30. Mtoto wa miaka 4 atakuwa amelala, kwa hiyo sweta lake liwe mkononi tangu Magharibi.